Sisi Ni Sita

Nilikwenda yadi ya Kange na futikamba shingoni,
nimeisahau, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.
Mhando akanitazama: "Tunakwenda kununua gari, si kulishonea."
Nikamwambia, kitu chenye bega na kiuno
siwezi kukitazama hivihivi.

Yalikuwa mawili, ubavu kwa ubavu, matairi yamepakwa mafuta
kama miguu ya watoto siku ya Idi.
Jekundu, kiuno chembamba, macho ya kurembua.
La kijivu, bega pana,
aina ya mjomba asiyecheka harusini.

Swabri akafungua boneti ya la kijivu.
"Hili sisi elfu mbili na mia saba."
Na lile?
"Lile sisi elfu mbili, lakini lina turbo."
Nikasema: sisi ni sita.
Akacheka, akidhani natania.

Sita. Mimi, Mhando, watoto watatu,
na mama mkwe, Bi Mwanakombo, mwenye goti bovu.
Jekundu lina siti tano.
La kijivu lina saba, ila zile mbili za nyuma
zimewekewa watu wasio na magoti.
Nilipima: inchi kumi na moja.
Paja la Hiari ni ishirini,
nalijua, sketi yake ya Januari nimeshaishusha upindo mara mbili.

Fundi Semkiwa kalala chini ya jekundu,
miguu tu nje, sauti inatoka uvunguni:
"Hili mwili na mifupa kitu kimoja.
Limekatwa na saluni ndogo, likainuliwa tu."
Hapo nikaelewa kabla ya Mhando.
Paterni moja! Nami ninayo ya gazeti, kuukuu,
mabibi harusi wanne wametoka humo
na hakuna aliyemjua mwenzake.
Si aibu. Uliza kitambaa, uliza mkono ulioshona.

"La kijivu lina chasi ya ngazi, kama lori,
mwili umelazwa juu, godoro juu ya kitanda."

Tukayajaribu njia ya Pangani, palipo na mashimo.
Jekundu lilitoka kama neno la hasira,
na kila shimo nililihesabu kwa uti wa mgongo.
La kijivu liliwaza kwanza, ndipo likaenda,
likameza mashimo bila kutafuna,
kwenye kona likaegama kidogo, tukaegama nalo.
"Farasi mia na hamsini," akasema Swabri.
Mhando hakujibu. Alikuwa keshafika Mombo,
anapanda Soni, magunia ya kabichi nyuma,
Mbwana anatapika kona ya tatu, kama kawaida yake.

Bi Mwanakombo hakuuliza habari za farasi.
Alishika mlango, akapandisha mguu mzima,
akabaki hivyo, mguu mmoja ndani, mwingine Kange.
Inchi ishirini na mbili toka ardhini.
"Nishusheni," akasema, "au nishoneeni ngazi."

Tulilichukua la kijivu, na kigoda cha mninga.

Barabara ya Kumi na Mbili, saa moja usiku,
taa zake zikamulika geti letu
na Mhando akakanyaga breki.
Gari, inchi sabini na nne.
Geti, sitini na tisa.
Nilipima kila kitu isipokuwa kwangu.

Akaleta nyundo. Nguzo ya kulia imebeba tangi la maji.
Ya kushoto ina mistari ya penseli:
Hiari miaka saba, Hiari kumi, Mbwana siku aliyong'oka jino,
Tunu alipoanza kusimama bila kushika.
Akaitazama. Akaiegemeza nyundo ukutani,
akaenda kuongea na mlinzi wa ghala la jirani.
Elfu tano kwa wiki.

Asubuhi Tunu kasimama pale, visigino vimegusa nguzo.
"Nipime na mimi."
Nusu inchi zaidi ya Ramadhani.
La kijivu lipo nje, limelowa umande,
kimo chake kilekile.