Wangu!

Nguzo moja ni bomba la maji,
ya pili mnazi uliokatwa kichwa na radi.
Chokaa naomba kwa fundi Shaame apakaye misikiti,
mistari naipima kwa miguu yangu mwenyewe,
hatua tisa kwa kumi na nane.
Msimu wa karafuu, nusu ya kiwanja si yangu:
majamvi hufika hadi chini ya wavu,
nasi twacheza upande uliobaki, viganja vikinukia.

Goti la kulia lilinitoka Gombani, seti ya nne,
nina miaka ishirini.
Mama akasema: sasa utapumzika.
Nikanunua filimbi.

Mwaka wa tatu huu. Posho ni soda
na nauli ya kurudi Wete.
Cheti cha ukocha kinatolewa Unguja;
nauli ya boti naitia kwenye kopo la maziwa,
na mara mbili nimelifungua
kumnunulia Mize raba.

Wakiniuliza nataka nini, nasema timu ya taifa:
benchi, fulana yenye neno KOCHA mgongoni.
Ni kweli, sikatai.

Lakini jana Bimkubwa,
ambaye hata darasani huitika kwa kichwa,
mpira ulipoteremka baina yake na Time
alinyanyua mikono akapiga ukelele, mtaa ukageuka:
"Wangu!"

Akaupokea vibaya.
Ukaangukia jamvi la mzee Faki,
karafuu zikatawanyika.

Sikupuliza filimbi.