Nguzo ya Arobaini na Tatu

Nina nyundo, spana, na kilomita kumi na mbili
kutoka Nguruka kuelekea daraja la Malagarasi.
Kazi yangu ni kugonga reli na kusikiliza.
Chuma kizima huitika. Chenye ufa hukohoa.

Nyaya za simu ziliibwa kabla sijaajiriwa.
Nguzo zimebaki, zimesimama kama watu
walioitwa mkutanoni na mwitaji hakuja.
Juu ya ile ya arobaini na tatu
hukaa kozi mdogo, mgongo wa jivu,
kichwa cheupe kana kwamba kapita kinuni,
jicho jeusi ndani ya pete ya manjano.

Mke wangu Ntibakazi anasema kipanga ni kipanga,
na hesabu ya vifaranga wake anayo yeye.
Namwambia huyu hana kifua cha kubeba kifaranga;
nimemwona akihangaika na panzi mmoja
hadi bawa la panzi likamganda mdomoni.
"Basi mlete," anasema, "aje aape."

Wapo wa ukoo wake wanaopepea papo hapo,
wametundikwa hewani kwa uzi usioonekana.
Wangu hana makuu. Hukaa.
Huzitazama nyasi kama mtu asomaye barua ya deni,
polepole, akirudia mstari.
Chai yangu inapoa. Jua linahama bega.
Kisha anadondoka. Siyo kuruka, kudondoka,
na karibu kabisa na ardhi
anakumbuka kuwa ana mbawa.

Agosti nyasi zikichomwa
kila chenye miguu kinakimbia kuja huku.
Mimi nakimbilia ndoo,
yeye anakimbilia moshi.

Novemba huja wageni.
Mvua ya kwanza ikikata, kumbikumbi wakipanda,
mbingu inajaa kozi wa safari, mamia kwa mamia,
miguu myekundu kama wamekanyaga hina.
Sisi chini na mabeseni, watoto wakipiga kelele,
wao juu wanakula wakiruka, mguu hadi mdomo,
bila kunawa, bila kushukuru, bila kugombana.
Asubuhi hawapo.
Wanakokwenda hakuna reli ya kuwafuata.

Lakini nilitaka kusema habari ya daftari.
Mwezi wa kumi msimamizi Ruhaga alilifungua,
akasoma kwa sauti mbele ya genge zima:
*Boliti mbili zimelegea. Kozi yupo.
Taruma limeoza. Kozi yupo.
Njia salama. Kozi hayupo.
Kozi hayupo.
Kozi hayupo.*
"Kozi ni kifaa gani?" akauliza.
Nikasema, cha kupimia.
Hakuuliza kupimia nini, na ni heri,
maana jibu lenyewe sikuwa nalo.

Siku ya nne niligonga reli pale
zaidi ya ilivyohitajika.
Ng'ambo ya tuta kuna mvumo uliokatwa kichwa na radi,
shina tupu, limesimama kwa ukaidi tu.
Ndani yake ikatoka sauti nyembamba, kali,
kama boliti kavu inayoikubali spana.
Kikachomoza kichwa cheupe.
Nyuma yake, vile vinyoya vya pamba,
midomo wazi, hasira tupu.

Nikaketi juu ya reli, jambo lililokatazwa.
Nikaandika: *Kozi wapo.*

Ntibakazi bado sijamwambia.