Sekunde Tatu

Redio ya marehemu ami Asaa
ina saa tumboni, nyuma ya kioo cha kijani,
na saa hiyo ni mvivu:
hula sekunde tatu kila siku
na haijipangusi mdomo.

Hapa kwetu Limbani sekunde tatu ni nini?
Bi Raya akisema "naja sasa hivi"
chai hupoa mara mbili.
Lakini huku hewani twapeana zamu kwa robo dakika,
sote twaanza pamoja, sote twanyamaza pamoja,
na aliyechelewa kidogo tu amesema na ukuta.
Mwezi mzima nimeita.
Mwezi mzima ukuta.

Nikafungua skrubu nane.
Ndani, fuwele kama punje ya mchele,
na ubavuni kidude cha kuzungusha, kichwa cha njiti hakifiki.
Nikakisogezea bisibisi, saa ikababaika:
haipendi chuma.
Nikachonga mpini wa mswaki mkuukuu, rangi ya waridi.
Huo iliukubali.

Robo mzunguko. Halafu kungoja.
Usiku, masafa mafupi, mlio wa kila sekunde
kutoka kituo kisichonijua, ti, ti, ti,
na daftari la hesabu la mwanangu gotini.
Jumatatu: nyuma mbili na nusu.
Jumanne: nyuma moja.
Jumatano nikajidai, nikazidisha,
mbele nne! Mbio za mwizi.
Alhamisi sikuigusa. Tulikuwa tumenuniana.

Kumbe na joto limo.
Adhuhuri bati likichemka, fuwele nayo hulegea kama mtu.
Nikakata sponji ya godoro, nikaivisha,
redio nikaihamishia kando ya mtungi.

Asubuhi kioo chasoma sita kamili,
simu yasema tisa,
na mama, kwenye jamvi la karafuu, apaza sauti:
"Saa tatu hii, uji ushaganda!"
Wote watatu wasema kweli.
Nikaula umeganda.

Juzi usiku wa manane
mtu wa kisiwa cha barafu, jina lake silimudu kulitamka,
akanijibu: nakusikia,
kumi na tisa chini ya kelele.
Chini ya kelele, lakini nasikika.
Nilisimama, nikakaa, nikasimama.

Bado hula nusu sekunde kwa wiki.
Hiyo nimeiachia.
Ami Asaa mwenyewe
hakuwahi kuwahi popote.