Cha Juu

Roshani yangu, ghorofa ya tisa, Preston,
upana wake mkeka mmoja.
Miaka sita sijaikanyaga.
Nguo naanika milangoni, juu ya kabati,
mgongoni mwa kiti cha wageni wasiokuja,
na chumba kimeshika harufu ya kanga iliyosahaulika ndooni.
Huko nje wanakaa njiwa.
Kodi nalipa mimi.

Basi usiniulize kilichonipeleka Glenridding,
Jumamosi ya mwisho wa Mei,
na viatu vya kuazima, soksi jozi mbili ndani visipwaye,
nyuma ya Doreen Birkett, tarishi mstaafu,
mwanamke mfupi mwenye nyonga ya chuma.
Nyonga ile naijua. Nilikuwepo wodini
siku alipoambiwa asimame, akasema hasimami.
Nilimshika kiwiko, nikamwambia:
Usiitazame sakafu. Nitazame mimi.
Akatembea hadi dirishani, akatukana, akarudi.

Mwanzoni mlima ni mwongo mzuri.
Majani, kondoo wenye alama ya buluu mgongoni,
ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji,
jasho la kawaida. Nikaanza hata kupiga soga.
Kisha ukuta ukaisha,
na ardhi ikafanya lile ambalo ardhi haifai kufanya:
ikakonda.

Kulia, ziwa dogo jeusi,
kama kifungo kilichodondoka kwenye koti.
Kushoto, hakuna kitu,
na kile kisichokuwepo kilikwenda chini mbali sana.
Tumbo likapanda kooni.
Magoti yakaanza mazungumzo yao wenyewe.
Watu husema kuteleza si kuanguka.
Aliyeyasema hayo alikuwa mahali tambarare.

Nikakaa. Sikukaa, nilikalishwa.
Nikalikumbatia jiwe kama ndugu aliyerudi kutoka vitani.
Wakapita vijana wanne wa Bolton wakitafuna sandwichi.
Akapita mbwa mdogo aliyevaa koti,
akanitazama kwa huruma ambayo sitaisahau.
Nikamwambia Doreen, nenda,
mimi nitakaa hapa mpaka uwanda uletwe.

Hakwenda.
Alirudi, akachutama mbele yangu, nyonga ikalia ko,
akanishika kiwiko, palepale,
akasema kwa lafudhi yake inayomeza nusu ya maneno:
Usilitazame ziwa, mpenzi. Nitazame mimi.

Nilicheka. Kamasi zinanitoka, nacheka.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, tuliambiwa.
Mimi nilitaka cha juu
na nikainama vilevile:
viganja viwili, magoti mawili,
tumbo likisugua ukoga wa mawe,
pua karibu na dunia kuliko siku yoyote
tangu nilipokuwa mtoto natafuta kijiko chini ya kitanda cha mama.
Jiwe. Jiwe jingine.
Uso wa Doreen, mwekundu, una chunjua kidevuni.
Jiwe.

Kileleni palikuwa na ukungu. Hatukuona chochote.
Nilishukuru.
Tulikula mayai ya kuchemsha migongo ikiegemea mawe,
akanimiminia chai isiyo na tangawizi wala aibu,
na hatukusemezana kwa muda mrefu.

Hofu haikufa, nisikudanganye.
Tulishuka nayo kwa njia ndefu isiyo na makali,
ikapanda nasi basi la Penrith,
ikasinzia begani kwangu kama abiria asiye na adabu.

Jana jioni nimefungua mlango wa roshani.
Kitasa kilikuwa kimeliwa na kutu, nikakigonga kwa mchi.
Njiwa wakaruka wakilalamika.
Upepo ukaingia, ukakagua chumba.
Nikatoka kwa magoti.
Nikaanika soksi nne, moja, moja,
barabara ikinguruma huko chini nisikotazama,
macho nimeyakaza kwenye kidevu chenye chunjua
ambacho, saa hizo, kilikuwa Patterdale
kikinywa supu.