Zamu ya Usiku, Shamba la Vanila

Mwezi wa tatu sasa nalinda vanila ya Velonjara:
panga, tochi ya betri mbili, redio isiyoshika kitu.
Kila ganda limechomwa pini, herufi mbili za jina lake,
ili mwizi akilifikisha Mananara
ganda lenyewe limtaje mwenyewe.
Yangu ni macho tu.

Kinyonga namjua tangu mchana.
Yuko pale uzioni, kijani cha chupa ya soda,
ubavuni mstari wa buluu, na akiona dume mwenzake
huwaka wekundu kama mdaiwa aliyeitwa jina sokoni.
Wageni humpiga picha. Watoto wa Besoa
humzungukia mbali, wasije wakakanyaga kivuli chake.
Jicho moja kwangu, jicho moja kwa nzi:
sijapata kutazamwa kwa ubahili namna ile.

Lakini mmulike saa saba usiku.
Amelala nchani mwa tawi, mkia kauviringa,
mweupe. Mweupe wa karatasi iliyosahauliwa mvuani.
Rangi zote kazivua, sijui kaziweka wapi.

Ndipo nasikia: ko. Ko-ko. Ko.

Huyu hana hata rangi ya kuvua.
Komba wa giza, aiai, manyoya ya masizi,
masikio ya ngozi ya kiatu kikuukuu,
na kile kidole cha kati, kikavu, kirefu,
waya wa mwavuli uliochanika.
Anagonga gogo, anatega sikio, anagonga tena,
kama daktari juu ya kifua cha mgonjwa,
kisha anatafuna mti na kuchomoa buu.
Kijijini wanasema akikunyooshea hicho,
chimba kaburi. Au muue upesi,
umtundike njia panda, mpita njia auchukue mkosi.

Alininyooshea. Sisemi uongo.

Nikamkumbuka mama, misimu ya maua,
akiyaoza maua ya vanila moja moja kwa mwiba wa mlimau,
alfajiri hadi jua la utosi, kabla hayajanyauka,
mpaka kidole kile kile kikapinda
na hakikunyooka tena, hata siku tulipomfunika.
Panga nikaliacha majanini.
Ko-ko, akaendelea na kazi yake.

Asubuhi Velonjara akauliza, umeona kitu?
Nikasema hapana.
Akanikazia macho kitambo, na uso wangu,
nadhani, ulikwisha kushika rangi ya uzio.