Daftari la Vipimo

Mimi fundi wa nguo, Langoni,
na daftari langu lina wanawake wa mtaa mzima:
bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono.
Zaitun, binti wa kaka yangu, ana ukurasa wake.
Namba zake sizitaji. Utaona kwa nini.

Gauni lilikuwa la harusi ya binamuye, rangi ya zabibu.
Nililishona Rajabu, likamkaa.
Shaabani akarudi: "Shangazi, nguo hii inanivaa mimi."
Nikalipunguza. Nikamwambia, na pini mdomoni,
"Mashaallah, umependeza."
Neno hilo nalijutia
kuliko kitambaa chochote nilichowahi kukiharibu.

Ramadhani ikaingia. Nani atamwuliza mtu, mbona huli?
Magharibi alifungua kwa tende moja,
akaikata kwa kisu.
Nani hukata tende?
Sisi tungali kwenye uji, yeye keshaanza kuosha vyombo.
Idi ikapita, akafunga Sita.
Zikaisha Sita, akafunga Jumatatu na Alhamisi.
Mtaa ukasema: binti mcha Mungu.
Buibui likasitiri yaliyobaki.

Lakini futi haijui adabu.
Nilipomzungushia mara ya tatu
mbavu zikahesabika chini ya kidole kama meno ya kitana.
Alitetemeka kwa baridi, jua la saa saba,
akaniuliza: "Bado nimenona, eti?"
Hakuwa akitania.
Hapo nikajua kioo chake na changu si kioo kimoja.

Wa kusema walisema.
Kijicho. Mahaba. Minyoo.
Jirani akaleta kombe la zafarani;
akalinywa, kisha akaninong'oneza
kama zafarani hunenepesha.
Kaka yangu akapiga meza: "Si ale tu! Sahani hiyo, mkono huo!"
Kana kwamba ugonjwa ni uvivu wa mkono.

Boti hadi Mokowe, basi hadi Malindi,
yeye dirishani, mimi na daftari mapajani.
Daktari Kazungu hakumwuliza kwa nini huli.
Alimshika kifundo cha mkono, akahesabu
mapigo yaliyochelewa, yakipanda ngazi na mzigo.
Akatoa damu. Akasoma ukurasa wangu, mwezi kwa mwezi.
"Huu ni ugonjwa," akasema, "una jina, unatibika.
Dawa ya kwanza ni chakula,
ila hataweza kuimeza akiwa peke yake."
Zaitun akalia. Si woga, aliniambia baadaye:
mtu amekiita kwa jina lake
kile ambacho yeye alikiita *mimi*.

Akalazwa. Akatoka.
Kila Jumatano yuko kwa Bi Dama, mnasihi,
hupanda mizani akiipa mgongo.
Nyumbani, saa za kula zimebandikwa ukutani,
na kaka yangu, yule wa kupiga meza,
hukaa naye akisimulia mpira, macho mbali na sahani.
Siku nyingine hula.
Siku nyingine mkate wa sinia hubaki na alama ya kidole tu.
Juzi alificha kitumbua mfukoni, mafuta yakamsaliti.
Hakufokewa. Tulimpigia Bi Dama simu.

Jana kaja dukani.
"Gauni lile linanibana."
Sauti yake nusu kilio.
Sikusema umependeza. Sikusema umenawiri.
Alhamdulillahi niliimezea moyoni.
Futi nikaiacha msumarini, nikakata uzi,
nikamzungushia, nikafunga fundo pale ulipokutana.
Daftari halikufunguliwa.

Nilipolipunguza gauni, sikukata; nilikunja ndani,
mazoea tu ya fundi.
Nikaanza kufumua.
Akaketi kwenye stuli, akauliza kama kuna chai.
Ipo, nikasema. Ina sukari.
Akafikiri kitambo kirefu.
Mkasi ukaendelea, mshono kwa mshono.