Ngozi Sita, Misumari Mitano

Ametandaza ngozi zake sakafuni kwenye karakana yangu,
hapa Kizota, mtaa wa nyuma ya machinjio.
Nimehamisha randa, gundi na paka.
"Usizikanyage," anasema Nyemo,
nami nazizunguka
kama mtu anayepita kati ya watoto waliolala mkekani.

Sita. Hakuna yenye sura.
Moja ina rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Moja kaikunja, kaishona, hadi imefanya matuta
kama majaruba ya Bahi kabla maji hayajaingia.
Ya tatu kaichoma kwa waya wa moto, vitone vitone,
na ukimwuliza ni mvua au ni ndui
atakujibu, "Ndiyo."

Mteja yuko Mtumba, ofisi mpya,
ukuta mweupe kama karatasi ya mtihani.
Amepiga simu mara mbili:
"Nzuri, mama, lakini zinaonyesha nini?"
Nyemo akaitazama simu
kama anavyotazamwa muuza unga aliyepunja.
"Zinaonyesha ngozi," akasema, akakata.

Mimi ni fundi fremu. Kazi yangu ni pembe.
Nimezungushia mbao maharusi, marehemu,
vyeti vya ubatizo,
wahitimu wenye kofia za kukodi.
Picha ya mtu ina juu na chini: kichwa, miguu, basi.
Hii je? Naigeuza. Inakubali.
Naigeuza tena. Inakubali tena, na sasa ni kitu kingine,
nami naona haya kidogo,
kama niliyefungua mlango bila hodi.

Tukabishana kuhusu kioo.
Nikasema vumbi: Dodoma hii, mwezi wa nane,
upepo unakuja na shamba zima.
Akasema ngozi ilikaa nje miaka saba,
ikanyeshewa, ikalambwa na ndama,
itakufa mara ya pili ukiiwekea dirisha.
Haya, bila kioo.
Ila niachie upana wa kidole kila upande,
maana kiangazi kikikaza ngozi hujivuta,
na isipopata nafasi itang'oa pini.

Akanitazama. "Kumbe unazijua."

Nazijua. Bibi yangu, kule Mvumi, alipiga muheme,
ngoma kaibana mapajani.
Kabla ya kupiga aliisogeza motoni mpaka ikaze,
akaigonga kwa kidole kimoja, akasikiliza,
kama anayebisha kwa jirani mgonjwa.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.
Mimi naivuta nyeusi ije katikati, ndiko nilikozoea;
yeye anaisukuma pembeni kabisa,
anapiga mstari wa chaki, anafuta kwa kisigino,
anapanda juu ya kigoda atazame kama ukuta.
"Hizi mbili zinagombana. Zitenganishe."
Naziweka mbali.
"Sasa zimenuniana. Zirudishe."
Jua likahama mlangoni. Hatukula.

Ya sita ni ya shingo, nene, ina matundu ya kupe
na chapa ya chuma, nusu herufi, nusu mwezi.
Nikapima: ukingo wa mninga ungeimeza chapa.
"Nikate mbao nyembamba?"
"Oda ni tano," akasema.
"Na hii?"
Akaipitishia kidole gumba kwenye lile kovu, taratibu,
kama mtu anayesoma jina la nyumbani kwao.
Sikuuliza aliitoa kwa nani,
wala mwaka gani wa njaa ng'ombe yule aliuzwa.

Tano zikapanda gari kwenda Mtumba, nimezifunga kwa magunia.
Jioni simu: "Fundi, hii ya matuta, juu ni wapi?"
Nikamwambia aigeuze hadi atakapoacha kuniuliza.

Ya sita Nyemo hakurudi kuichukua.
Ipo kwenye ndoano ya msumeno, haina fremu,
na wateja wa maharusi huitundikia kofia.
Asubuhi, kabla sijafungua dirisha,
naigonga kwa kidole kimoja.
Haisemi kitu.
Vumbi limeanza kuikalia kwenye chapa. Silifuti.